Kinachotundikwa ukutani: wasanii wa Katanga, kutoka udongo wa Bukama hadi shaba yenye chale

Historia ya nchi yetu ya shaba imeandikwa mara nyingi kwa kutazama chini: mashimo, tani, kampuni iliyokuja na kampuni iliyoondoka. Hapa Mutoshi peke yake mtu anaweza kujaza kitabu cha namna hiyo. Zamani ya Wabelgiji pakiitwa Ruwe. Wazungu wa Tanganyika Concessions walipofika mwanzoni mwa karne ya 20 walivutwa kwanza na dhahabu na platini; kisha Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ikaendelea kuchimba shaba; mwaka 1967 mali yote ikaingia mikononi mwa serikali na kampuni ikaja kuitwa Gécamines; halafu akaja Chemaf. Jina la Ruwe likabaki midomoni mwa bazee tu.

Katika karatasi hizi chache naomba tuache shimo, tutazame ukuta. Mtu wa Katanga ametundika nini nyumbani mwake tangu zamani hadi sasa? Kilitengenezwa kwa kitu gani? Nani alilipa, na leo kiko wapi? Nimechagua njia hiyo kwa sababu wasanii wetu wa siku hizi, wale ambao majina yao yanasikika Venezia na Kassel kabla hayajasikika Kolwezi, wanasemwa vibaya na watu wengi wenye masomo. Inasemwa kwamba wanapiga picha za umaskini ili kuwafurahisha wazungu, kwamba kazi yao haina mizizi kwetu. Nadhani anayesema hivyo amesahau kilichokuwa kimetundikwa mu saloni ya baba yake.

Tuanze na ukuta wenyewe, kabla ya msumari. Karibu na Lubumbashi kuna kijiji kiitwacho Makwacha, cha Walamba, ambako bamama huchora nyumba zao kila kiangazi. Mavuno yakiisha na mvua ikiwa mbali, wanachimba udongo wa rangi mbalimbali, wanauponda, wanauchanganya na maji, na wanaupaka ukutani kwa mikono. Mwanamke anachora anachotaka: maua, ndege, vyombo vya nyumba, mistari ya kupendeza tu. Mvua ikirudi inaosha kila kitu, na mwaka unaofuata kazi inaanza upya. Hakuna anayeuza, kwa kuwa huwezi kubeba ukuta.

Lakini ukuta ulikuja kubebwa. Mwaka 1926, huko Bukama, kwenye mto wetu wa Lualaba, mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye Georges Thiry aliona nyumba zilizochorwa, akauliza nani amefanya. Akaonyeshwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji ili afanye juu ya karatasi kile alichokuwa anafanya juu ya udongo. Antoinette Lubaki naye akachora. Karatasi hizo zikasafiri: Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930. Watu wa Ulaya wakashangaa, magazeti yakaandika, na mchoraji akabaki Bukama. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, ilianza hesabu yake na mwaka huo wa 1926. Mimi naona mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba mchoraji wa kwanza wa Kongo anayetajwa kwa jina katika vitabu vya sanaa ya kisasa alitoka kando ya Lualaba. La pili ni kwamba siku ile ile rangi ilipotoka ukutani na kuingia kwenye karatasi, mwenye nyumba alipoteza picha yake. Reli iliyofika Bukama mwaka 1918 kwa ajili ya shaba ndiyo iliyofungua njia hata kwa karatasi.

Mwaka 1946 Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi la majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, ambayo ikaitwa Hangar. Hapo ndipo walipotokea Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga wa ile mistari mifupi mifupi inayofuatana kama nyuzi za mkeka. Mwalimu huyo hakutaka wanafunzi waige wazungu. Aliwaambia wachote katika maisha na mawazo yao wenyewe. Neno zuri. Lakini tazama michoro mingi ya Hangar: ni porini, mtoni, mawindoni. Mji uliokuwa nje ya mlango, wenye bomba refu la moshi la Union Minière na mlima mweusi wa taka za tanuru, huuoni. Mchoraji aliishi mjini, alikula kwa fedha ya mji, lakini mzungu aliyenunua alitaka pori. Romain-Desfossés alikufa mwaka 1954 na wanafunzi wake wakaingia katika chuo cha sanaa cha Laurent Moonens. Ni wachoraji wakubwa, sipunguzi sifa yao. Nasema tu kwamba picha zao zilitundikwa zaidi katika nyumba za barabara zenye miti, kule ambako baba zetu waliingilia mlango wa jikoni.

Sasa tufike kwenye kampi.

Mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alikuwa na nyumba ya matofali, mshahara wa mwezi, shule ya watoto, hospitali, na posho. Gunia la unga liliingia nyumbani kila mwezi bila kukosa. Katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha mbele cha kupokea wageni, na chumba hicho kilidai kupambwa: viti vyenye vitambaa vilivyofumwa na mama wa nyumba, kabati ya vikombe, redio, na ukutani picha. Hasa kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 likatokea kundi la vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waliochora kwa ajili ya chumba hicho. Turubai yao ilikuwa kitambaa cha gunia la unga, kilichonyooshwa juu ya fito za mbao na kupakwa rangi nyeupe kwanza. Walitembeza picha nyumba kwa nyumba, wakauza kwa bei ambayo mtu wa mshahara aliweza kulipa bila kugombana na mke wake.

Walichora nini? Mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetoa mali na kudai siri. Kijiji cha mababu chenye mitende na maji yaliyotulia. Misafara ya watumwa. Lumumba amefungwa mikono. Na picha moja iliyouzwa kuliko nyingi, ambayo watu waliiita kwa Kifaransa tu, Colonie belge: ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji juu, mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, mzungu amesimama pembeni anatazama, na bamama wamekuja na chakula. Picha hiyo ilikaa juu ya kiti cha baba. Mtoto aliyeuliza aliambiwa: “Iyi njo ukumbusho.” Yaani ni kitu cha kukumbusha. Neno hilo ukumbusho, wenye kununua ndio waliolitumia. Wataalamu wa chuo kikuu walilikuta tayari mdomoni mwa watu.

Hapo nawajibu wale wanaosema kwamba msanii anayeonyesha mateso anawafanyia kazi wageni. Mfanyakazi wa Kolwezi alitoa fedha yake mwenyewe, iliyotoka jashoni, akanunua picha ya mtu anayepigwa fimbo, akaitundika fasi ya heshima, akala chini yake siku ya Noeli. Hakuna mzungu aliyemwagiza.

Mkubwa wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Aliuza picha za ukumbusho kama wenzake, lakini kichwani alikuwa na kazi nyingine: alitaka kuandika historia nzima ya nchi kwa brashi. Alijiita mwanahistoria, na hakuona haya. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba akamletea picha kwa mafungu, kuanzia mababu na kufika kwa Wareno hadi Kimbangu, Lumumba, kujitenga kwa Katanga, Mobutu, na hata siku zijazo kama alivyoziogopa. Zilifika 101. Kwa kila picha alikaa akaeleza, na maneno yake yakanaswa kwenye kanda. Alisema Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga, ambacho wenzetu wa pwani wakikisikia wanatabasamu.

Hilo la lugha si dogo. Miaka michache kabla, mwaka 1965, chama cha watu waliokuwa maboi wa wazungu kilitoa kijitabu cha historia ya mji kilichopigwa kwa mashine, kikakusanywa na André Yav, nacho kwa Kiswahili hicho hicho. Mpishi na mchoraji, kila mmoja kwa njia yake, waliona kwamba habari za Union Minière zikiachiwa wenye kampuni zitakuwa habari za tani tu. Tukijidharau kwa sababu Kiswahili chetu hakifuati vitabu vya sarufi, tukumbuke kwamba historia ya kwanza ya Elisabethville iliyoandikwa na watu wa chini iko ndani yake, na pia maelezo ya picha 101.

Picha hizo siziwezi kuzionyesha kwa kidole. Ziko Amsterdam, katika jumba lililoitwa kwa miaka mingi Tropenmuseum na ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Kitabu cha Fabian chenye picha na maneno ya Tshibumba kilitoka Marekani mwaka 1996, kwa Kiingereza. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Mkusanyiko mwingine mkubwa wa michoro ya namna hii, ulioanzishwa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, uko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Sisemi waliofanya hivyo waliiba. Walinunua, na walitunza kuliko sisi. Gunia la unga halipendi mchwa wala paa linalovuja, na nyumba nyingi ambamo picha zilibaki hazina picha tena. Lakini mtoto wa Mutoshi akitaka kuona kilichokuwa juu ya kiti cha babu yake, leo anahitaji viza.

Kwa nini picha za ukumbusho zilikoma? Wengine wanasema ladha ilibadilika, au televisheni ilikuja. Sikubali. Ilikoma kwa sababu mshahara ulikufa. Bei ya shaba ilianguka mwaka 1975. Vita vya Shaba vya 1977 na 1978 vikapita. Ule wa pili ulipigwa ndani ya Kolwezi yenyewe. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na hiari hiyo kila familia hapa inajua ilivyokuwa. Watu waliuza kabati, wakauza redio, wakauza viti. Nani angenunua picha? Sanaa ile haikulishwa na serikali wala na mzungu, ililishwa na karatasi ya mshahara, na hiyo ilipochanika mchoraji akaweka brashi chini au akaenda kuandika vibao vya maduka.

Hata ukuta wenyewe ukaanza kusema mambo mengine. Pita katika miji yetu utaona maandishi makubwa ya rangi juu ya nyumba: hii nyumba haiuzishwe. Familia inaogopa kwamba mmoja wao atauza nyumba usiku bila wengine kujua. Mpiga picha Georges Senga, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1983, alichukua maneno hayo akayafanya jina la kazi yake moja ya mwaka 2016, kwa mzaha wenye uchungu: nyumba hii haiuzwi, na inauzwa. Kabla yake alikuwa amefanya nyingine kuhusu mwalimu mmoja anayefanana mno na Lumumba na anayevaa na kukaa kama yeye. Lumumba wa Tshibumba alikuwa wa rangi juu ya gunia. Wa Senga ni mzee aliye hai, ndani ya nyumba yake.

Kizazi hiki cha watoto waliozaliwa wakati kampuni ilikuwa bado mama, wakakua ikiwa mgonjwa, ndicho kilichoanzisha chama cha Picha mjini Lubumbashi mwaka 2008. Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka huo huo wakafanya maonyesho ya kwanza ya yale ambayo leo yanaitwa Biennale ya Lubumbashi. Toleo la 2022 lilichukua jina la kuchezea maneno ya Kifaransa ya sumu na mji, ToxiCité, na mtu wa Kolwezi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Kazi iliyomtangaza ni ile ya 2006 iitwayo Mémoire. Alipiga picha za karakana za Gécamines zilizokufa, kutu, mabati yaliyotoboka, mlima wa taka nyuma. Kisha akachukua picha za zamani za Union Minière, akakata watu waliokuwemo, vibarua waliopangwa mstari kwa kuhesabiwa, mabwana wenye kofia, akawasimamisha ndani ya magofu hayo. Waliokufa wana rangi nyeusi na nyeupe, magofu yana rangi za kweli. Mzee wa hapa akiiona anaielewa bila mwalimu, maana ni Colonie belge tena: mzungu pembeni, mtu mweusi katikati, na wewe mtazamaji unaulizwa ulikuwa wapi.

Kazi yake inayotugusa zaidi ni ile aliyoiita kwa jina la mji wetu, Kolwezi, aliyoifanya kati ya 2009 na 2012. Alikwenda kwa wachimbaji wa mkono, ba-creuseur kama tunavyosema mtaani, kwenye kambi zao za mahema. Humo na sokoni alikuta mapambo ya ukutani ya siku hizi: mabango ya karatasi yaliyochapishwa China, yenye majumba marefu, maporomoko ya maji ya buluu isiyopatikana duniani, maua, meza zilizojaa matunda, barabara bila vumbi. Baloji aliweka mabango hayo kando ya picha zake za machimbo. Wengine waliona kejeli. Mimi naona mtu aliyeuliza swali lile lile nililouliza mwanzoni: kuna nini ukutani? Baba alikuwa na kijiji cha mababu na fimbo ya mkoloni, vyote viwili vimechorwa na kijana anayemjua, juu ya gunia la unga alioula. Mjukuu ana mji wa China aliounua kwa franka chache, umechapishwa na mashine, na haumwambii lolote kuhusu alikotoka. Unamwambia anakotaka kwenda. Hiyo nayo ni aina ya ukumbusho, ila umegeuzwa kutazama mbele.

Kuhusu shaba yenyewe, lazima turudi nyuma kidogo. Kabla ya kuwa kitu cha kupakia kwenye gari-moshi, mukuba ulikuwa kitu cha mikono. Waliochimba makaburi ya Sanga, kwenye maziwa ya Upemba, mwaka 1957 na 1958, walikuta wafu wamezikwa na vito vya shaba, na katika makaburi ya karne za baadaye, misalaba midogo midogo ya shaba. Kadiri miaka ilivyopita misalaba ilipungua ukubwa na kufanana zaidi, ndiyo sababu wataalamu wanaihesabu kuwa fedha. Wayeke wa Msiri, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891, waliyeyusha malakiti kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu. Misalaba hiyo mitatu ikakaa juu ya bendera ya Katanga ya Tshombe, na mmoja juu ya sarafu zake za 1961. Nyumba ngapi hapa zina msalaba wa shaba ukutani, au sahani ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo yenye kichwa cha mwanamke, au tembo wa malakiti juu ya kabati? Tunaziita zawadi za wageni na kuzidharau kidogo, na bado hatuzitoi.

Baloji alichukua ufundi huo wa sahani ya kufuliwa akaufanya useme jambo zito. Mwaka 2015 alifanya vibamba vya shaba vilivyochorwa kwa nyundo chale za mwilini, zile alama walizokatwa babu na bibi zetu tumboni na mgongoni, ambazo wataalamu wa kikoloni walizipiga picha na kuziweka kwenye majalada. Chale zilimwambia mwenzako wewe ni wa nani. Mission ilizikataza, mji ukazisahau, na leo vijana wengi hawajui hata jina lake. Mwaka huo huo, Venezia, alijenga kwa mabamba ya shaba ya namna hiyo paa la duara linaloiga lile la kanisa moja la mji wa Liège nchini Ubelgiji. Fikiri maana yake. Shaba ilikwenda Ulaya ikiwa laini, haina jina. Ikaezeka kanisa, ikawa nyaya, ikawa maganda ya mizinga katika vita viwili vikubwa. Msanii anairudishia ngozi. Anaiandika chale ili kila atakayeitazama ajue ni mtoto wa nani. Sijaona tasnifu ya uchumi iliyosema jambo hilo kwa ufupi kama huo.

Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mwaka 1974, anafuata njia yake. Ni fundi umeme kwa masomo, mtoto wa kampi ya Gécamines ya Lubumbashi, na vifaa vyake ni katoni zilizotupwa, nyaya, vipande vya redio. Anajenga mitambo ya katoni yenye hesabu nyingi, na anachora balbu kubwa kubwa anazoziita Afrolampe. Mtu wa Ulaya anaweza kuzitazama kama ndoto nzuri. Sisi tunaoishi hapa tunacheka kwanza. Waya mkubwa wa umeme kutoka Inga unatembea zaidi ya kilomita 1,700 na unafika Kolwezi. Ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Unapita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako mlangoni petu. Balbu iliyochorwa kwa kalamu, katika mji kama huu, ni ripoti.

Katambayi na wenzake wa Picha, pamoja na wasanii wa Ulaya, walifanya pia mwaka 2019 gari la Tesla lililoumbwa kwa nyaya za shaba, limepondeka kana kwamba limetoka katika ajali. Gari linalosifiwa duniani kuwa safi linahitaji kobalti, na kiasi cha asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, kwa sehemu kubwa mkoani mwetu. Sina hakika kama kazi hiyo inanipendeza machoni. Ni mzaha uliokwisha kueleweka kabla hujafika mbele yake, na gunia moja la Tshibumba lina zaidi ya kutazama. Lakini nyaya zile mtoto yeyote wa kwetu aliyewahi kusuka gari lake kwa waya wa fensi anazitambua.

Basi malalamiko ya kwamba wasanii hawa hawana mizizi hayasimami. Kuna lalamiko lingine ambalo linasimama, na haliwahusu wao peke yao. Kazi hizi hatuzioni. Mwaka 2016 jumba la BOZAR la Brussels lilifanya maonyesho ya michoro ya ukumbusho iliyotoka Tervuren, na mmoja wa waliochagua picha alikuwa Baloji mwenyewe, pamoja na Bambi Ceuppens. Mwana wa Lubumbashi alikwenda kufungua kabati la Brussels ili kuonyesha picha zilizochorwa kwa ajili ya saloni za Lubumbashi. Kutoka Brussels zikapelekwa Moscow. Njia hiyo ni ya Lubaki tena, na ni ya shaba pia.

Wengine katika chama chetu wanataka tuombe picha zirudishwe. Ningependa. Lakini zikirudi kesho, zitatundikwa wapi, na nani atalipa mlinzi na paa? Kabla ya hapo kuna kazi ndogo ambazo hazidai viza. Kuna bazee wanaokumbuka nani aliwauzia picha, kwa kiasi gani, na walimwambia nini watoto wao chini yake. Mazungumzo hayo yanaweza kuandikwa mwaka huu, kwa Kiswahili chetu kilivyo. Kuna waalimu wanaoweza kumwalika msanii wa Lubumbashi aje na nakala za karatasi za kazi yake, kwani nakala inatosha kwa kuanza. Kuna kampuni zinazochimba chini ya miguu yetu ambazo sheria inazidai zichangie maendeleo ya jamii, na orodha za michango hiyo zina shule, visima na vituo vya afya, vyote vya lazima, ila sijaona ukuta wa picha.

Mwaka 2018, kwenye eneo la Mutoshi, palizungushiwa uzio na wachimbaji wa mkono maelfu kadhaa wakaruhusiwa kuchimba ndani yake kwa utaratibu, wakihesabiwa wakiingia na wakitoka, bamama nao wakiwemo. Mpango ukasimama mwaka 2020 wakati wa korona. Wachimbaji wengi wa nchi hii wanalala katika mahema waliyoyashona wenyewe, na mahema hayo yameshonwa kwa turubai na kwa magunia ya plastiki, yale yale wanayopakia mawe. Humo hakuna ukuta wa kupigilia msumari. Bango la China linafungwa kwa waya kwenye mti wa katikati, au linabanwa nyuma ya godoro, picha ikitazama ndani.